Leseni Haijui Kama Umesafiri

Shoga yangu mmoja tuliyesoma naye chuo cha uuguzi alinitumia kutoka Muscat, Oman, picha ya kadi yake ya leseni ya nyumbani Tanzania. Ilikuwa Julai, kwangu huku Uingereza saa tano usiku, kwake saa nane na yuko zamu. Chini ya picha ameandika: "Mwenzangu, kadi hii hapa ninayo mkononi. Mbona wanasema sina leseni?" Kadi ilikuwa imechakaa pembe, plastiki yake imeanza kuachia, na kidole gumba chake kimekaa barabara juu ya tarehe ya mwisho. Nikamwambia asogeze kidole. Ilikuwa imeisha miaka mitano iliyopita.

Miaka yote hiyo mitano hakukaa bure. Alikuwa kazini, wodini, na leseni ya Oman ikihuishwa kila ilipotakiwa. Alipoomba kuja Uingereza, baraza la wauguzi la huku halikutosheka na Oman. Liliuliza na kule alikoanzia, na kule alikoanzia jibu likawa kwamba jina lipo, leseni haipo hai. Akaona kama ametukanwa.

Hakutukanwa. Alichanganya vitu vitatu ambavyo karibu sote tunavichanganya, kwa sababu siku ya kwanza huja pamoja kama mafiga ya jiko moja: cheti, usajili na leseni.

Cheti ni cha chuo. Kinasema ulisoma na ukafaulu, na hakiishi muda hata ukikiweka uvunguni miaka arobaini. Usajili ni jina lako kuandikwa katika daftari la baraza au bodi ya taaluma yako, iwe ya wauguzi, madaktari, wahandisi au wahasibu. Leseni ni ruhusa ya kutenda kazi hiyo kwa kipindi fulani, na ndiyo yenye tarehe ya kufa. Mtu anayesema "mimi nimesajiliwa" huenda anasema kweli kuhusu la pili huku la tatu lilishaoza zamani.

Mawakili ndio wanaouonyesha mgawanyo huu vizuri kuliko sisi wa hospitali. Kenya, wakili akishaapishwa jina lake huingia kwenye orodha ya mawakili na hubaki humo. Lakini ili asimame mahakamani mwaka huu lazima awe na cheti cha kutenda kazi cha mwaka huu, na cheti hicho hufa tarehe 31 Desemba, awe amekitumia au hakukitumia. Wakili aliyekwenda kusoma Uholanzi miaka miwili bila kukihuisha bado ni wakili katika orodha. Akirudi na kumtetea binamu yake Jumatatu kabla ya kulipia, amevunja sheria.

Madaktari wa Uingereza wameupa mgawanyo huo jina kabisa. Tangu Novemba 2009 daktari anaweza kubaki katika daftari la GMC, baraza lao, akiwa na leseni au bila leseni. Asiye na leseni hulipa ada ndogo zaidi, haandiki dawa wala hatibu mgonjwa, ila hadhi yake inasomeka kwa yeyote anayeuliza. Australia nao wana usajili wa asiyetenda kazi, kwa anayelea, anayeuguza au aliyehamia nchi nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza baraza lako kabla hujapumzika ni dogo tu: je, kwenu kuna hali ya katikati, au ni ndani na nje? Mabaraza mengine yanayo na hayaitangazi kwa nguvu. Mengine hayana, na hapo unachagua kati ya kulipa na kutoka.

Sasa tuingie kwenye ugumu wenyewe. Leseni hailishwi kwa ada peke yake. Hulishwa kwa vitu vitatu: pesa, mafunzo ya kujiendeleza na saa za kazi. Mtu aliye mbali hukumbuka pesa, basi. Mafunzo huyadharau. Saa za kazi ndizo zinazomliza.

Chukua wauguzi na wakunga wa Uingereza, maana ndipo wengi wetu tulipo, hasa tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wafanyakazi wa afya Julai 2021. Kila baada ya miaka mitatu muuguzi lazima aithibitishie NMC, baraza la huku, kwamba bado ni muuguzi wa kweli. Anatakiwa aonyeshe saa 450 za kazi, au 900 kama amesajiliwa kwa uuguzi na ukunga pamoja. Juu yake saa 35 za mafunzo, na kati ya hizo 20 ziwe za kukaa na watu wengine, si za kusoma peke yako kitandani. Kisha maoni matano aliyopewa kuhusu kazi yake, maandishi matano ya kujitathmini, mazungumzo na mwenzake aliyesajiliwa, na mtu wa kuthibitisha yote hayo.

Namba 450 huwatisha watu bure. Igawe. Wiki ya kazi ya kawaida huku ni saa 37 na nusu. Saa 450 ni wiki kumi na mbili. Katika miaka mitatu! Mama aliyejifungua, akakaa nyumbani mwaka mzima, akarudi nusu siku, bado anazifikia bila kuhema. Hata aliyekaa nje ya kazi miaka miwili na nusu anaweza kuziokoa akirudi miezi mitatu ya mwisho. Tatizo ni kwamba wengi huanza kuzihesabu baada ya barua ya ukumbusho kufika, wakati miezi mitatu hiyo imeshapita. Australia ni saa hizo hizo 450, ila katika miaka mitano.

Kisha kuna jambo linalotuuma sisi zaidi ya wenyeji: kazi ya kea. Muuguzi wa Kitanzania au Mkenya anafika, mitihani ya usajili inachelewa, kodi ya nyumba haingoji, anaingia kuogesha wazee na kuwalisha. Kazi ya heshima, na inalipa bili. Lakini saa zinazohesabiwa ni zile zinazotegemea ujuzi wako wa uuguzi. Cheo kinaweza kuitwa chochote. Mwalimu wa wauguzi anahesabiwa, mshauri wa sera ya afya anahesabiwa. Aliyeajiriwa kama msaidizi, akifanya ya msaidizi, atapata shida kueleza kwamba alikuwa akiuguza. Nimewaona watu wa miaka minne kwenye kea wakishangaa kwamba vitabu vya huko nyumbani na vya huku vinawasoma kama watu waliolala. Ukiwa katika hali hiyo, tafuta hata zamu chache kwa mwaka za uuguzi wenyewe katika nchi ambayo leseni yako iko hai, ikiwezekana wakati wa likizo, na uandikiwe barua yenye tarehe na idadi ya saa.

Kinyume chake nacho kipo. Umesajiliwa Uingereza, mama anaugua Tanga, unarudi kumwangalia na kufanya kazi hospitali ya huko. Saa za Tanga zinahesabiwa, mradi umesajiliwa ipasavyo huko unakofanyia. Watu hawaamini hili mpaka waonyeshwe. Kikwazo ni yale mazungumzo ya kujitathmini, kwa kuwa lazima yawe na mtu aliye katika daftari la Uingereza, na Tanga si wengi. Basi piga simu ya video kwa mwenzako wa Birmingham. Inakubalika.

Wenzetu wa tiba ya viungo, maabara na eksirei, ambao Uingereza wapo chini ya baraza lao, HCPC, wana ngazi iliyo wazi kuliko yetu, nami naionea wivu. Ukiwa nje ya kazi chini ya miaka miwili, unarudi bila masharti ya ziada. Kati ya miaka miwili na mitano, siku 30 za kujinoa. Zaidi ya mitano, siku 60. Siku hizo unaweza kuzigawa kati ya kazi chini ya usimamizi, masomo rasmi na kujisomea mwenyewe, ila kujisomea kusizidi nusu. Mtu anajua anachodaiwa kabla hajatoka. Ghuba hali ni ya namna nyingine. Pengo la miaka miwili katika wasifu wako huko huanza kuzua maswali hata kama vyeti vyote vimetimia.

Hapa niseme neno juu ya lugha, kwa sababu Kiswahili chetu kinatuponza. "Amefutwa" tunalitumia kwa kila kitu. Mtu ambaye leseni yake iliisha muda, tunasema amefutwa. Aliyeandika barua kuomba jina lake liondolewe, amefutwa. Aliyeondolewa kwa kutolipa ada, amefutwa. Aliyeiba dawa za wagonjwa akahukumiwa na kamati ya maadili, naye amefutwa. Kisha mtu anafungua fomu ya nchi ya watu inayouliza kama amewahi kufutwa popote, mikono inatetemeka. Wengine huandika "hapana" kwa hofu, na uongo huo ukigundulika una uzito kuliko deni lenyewe. Wengine huandika "ndiyo" bila maelezo na kujiletea uchunguzi wasioustahili.

Fomu nyingi hutofautisha. Kuisha muda ni suala la kalenda. Kujiondoa kwa hiari ni uamuzi wako, na unapewa barua. Kuondolewa kwa ada ni deni. Kusimamishwa na kufutwa kwa makosa ya kitaaluma ni nidhamu, na hilo ndilo hasa wanaloliwinda. Kama jina lako liliondolewa kwa sababu yoyote, omba barua inayotaja sababu hiyo kwa maneno, uihifadhi. Karatasi moja yenye maneno "hakulipa ada ya mwaka" itakuokoa mahali ambapo maelezo yako ya kurasa tatu hayatasikilizwa.

Karatasi nyingine ndiyo iliyomkwamisha shoga yangu: barua ya hadhi njema. Ni taarifa ya baraza moja kwa baraza jingine kwamba mtu huyu tunamjua, amesajiliwa tangu mwaka fulani, leseni yake iko hai au la, na hana shauri la kinidhamu. Watu huichanganya na cheti cha tabia njema cha polisi, kile cha alama za vidole. Nimeshaulizwa zaidi ya mara moja, "Si nilishaipeleka ile ya polisi?" Polisi wanasema hukuiba kuku. Hawajui kama uliacha mkasi tumboni mwa mtu.

Barua hiyo ina tabia mbili za kuudhi. Ya kwanza, haipiti mikononi mwako. Baraza hulitumia baraza, au huijaza kwenye mfumo wa kampuni ya uhakiki kama DataFlow inayotumiwa sana na nchi za Ghuba. Ukiibeba mwenyewe kwenye bahasha, hata ikiwa na mhuri wa lakiri, mara nyingi ni kazi bure. Ya pili, inachacha haraka kama maziwa. Ile ya GMC, kwa mfano, hudumu miezi mitatu tu. Kwa hiyo usiiombe mapema ukadhani umejiwekea akiba. Kinachowekwa akiba ni ile hali yenyewe ya leseni kuwa hai, ili siku ukiiomba itoke safi.

Ndiyo maana nasema daftari la nyumbani halifi umuhimu hata ukae nje miaka ishirini. Kila nchi mpya itauliza ya kwanza. Ukitoka Oman kwenda Uingereza wataiuliza Oman, kisha Tanzania. Ukitoka Uingereza kwenda Australia wataiuliza Uingereza, na nyumbani bado kumo kwenye orodha. Ulikojisajili mara ya kwanza ni kama shina la ukoo: unaweza kuolewa mbali, lakini posa itapita kwa wajomba.

Kwa anayejiandaa kusafiri, mwajiri na baraza ni milango miwili tofauti. Wengi huaga mmoja wakadhani wameaga yote. Ukipata likizo bila malipo serikalini, umeaga mwajiri. Baraza halina habari. Ukiondoka kimya kimya, kanuni za utumishi wa umma Tanzania zinamhesabu aliyekosekana kazini siku tano bila ruhusa kuwa wa kufukuzwa, na siku kampuni ya uhakiki itakapopiga hodi pale hospitalini kuuliza kama ulifanya kazi, jalada lako litafunguliwa kwenye ukurasa huo huo wa utoro. Leseni yako inaweza kuwa haina doa na bado ukakwama hapo.

Angalia anwani ya baruapepe uliyoandikisha. Hili linaonekana dogo, na ndilo limewaangusha watu wengi ninaowajua mimi kuliko kushindwa mtihani. Umeandikisha ya kazini. Unaacha kazi, inafungwa. Ukumbusho wa ada unakwenda kwenye kisima kikavu. Weka ya kwako mwenyewe, na namba ya simu ambayo hutaiacha ikazimwa kwa kukosa vocha. Angalia na jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Asha, pasi ya kusafiria inasema Aisha, leseni imeongezwa ubini wa mume. Wewe unajua ni wewe. Karani wa Riyadh haoni mtu mmoja, anaona watatu. Hati ya kiapo ya kuthibitisha jina inapatikana kwa wakili kwa siku moja ukiwa nyumbani; ukiwa Riyadh itakugharimu mwezi.

Malipo yenyewe siku hizi yana nafuu. Tanzania unaingia kwenye mfumo, unatengeneza namba ya malipo ya serikali, unamtumia mdogo wako Mbagala kwa WhatsApp, analipia kwa simu akiwa anasubiri daladala. Mkumbushe akutumie na stakabadhi, na asikae nayo mpaka namba ikaisha muda wake, maana nazo zina mwisho. Stakabadhi zote ziweke mahali pamoja pasipo kwenye simu peke yake. Simu huibwa.

Likizo ya uzazi nayo isikudanganye. Sheria ya ajira Tanzania inakupa siku 84 za malipo, au 100 kwa zaidi ya mtoto mmoja, lakini hiyo ni sheria ya mwajiri. Saa ya leseni inaendelea kugonga wakati unanyonyesha. Kama tarehe ya kuhuisha inaangukia ndani ya siku hizo, ifanye kabla hujalemewa. Mgonjwa wa muda mrefu yeye aliandikie baraza mapema, yeye mwenyewe au ndugu, kwa sababu baadhi ya mabaraza huongeza muda kwa anayeomba kabla na hayana la kufanya kwa anayeomba baada.

Je, inafaa kuendelea kulipia leseni ya nchi uliyoiacha? Inategemea, na hapa watu hutoa ushauri wa jumla usio na hesabu. Mimi napiga hesabu. Ada ya NMC ilipandishwa kuwa paundi 120 kwa mwaka 2015, ikakaa hapo miaka mingi. Kwa ada hiyo, miaka mitatu ni 360. Ukiiachia ikafa na baadaye ukatakiwa kurudi kwa mtihani, mtihani wa kompyuta umekuwa paundi 83 na ule wa vitendo wa vituo kumi paundi 794. Hiyo ni 877 kabla ya nauli, ada ya kurejeshwa na usiku wa kutolala. Kama kuna uwezekano wa kurudi ndani ya miaka mitano na saa za kazi unazipata huko uliko, lipa. Kama saa huzipati, ada peke yake haitakuokoa. Utalipa miaka mitatu kisha ukwame kwenye uthibitisho. Hapo afadhali ujiondoe kwa barua, mlango ukiwa umefungwa na wewe mwenyewe. Ya nyumbani mimi siiachi kwa hesabu yoyote, hata mwaka ambao mfuko umetoboka.

Na ukirudi, usiguse mgonjwa, wala usisaini mchoro wa jengo, wala usisimame mbele ya hakimu, kabla leseni haijaonekana hai kwenye mfumo. Hata kwa zamu moja ya kumshikia mwenzako. Kutoka daftarini kunaponywa na pesa na mafunzo. Kufanya kazi bila leseni ndiko kunakokupeleka kwenye lile neno "kufutwa" la maana yake halisi.

Shoga yangu alilipa malimbikizo. Baraza likataka ushahidi wa mafunzo ya miaka yote aliyokuwa nje, na hapo bahati ilimsimamia: alikuwa na vyeti vya mafunzo ya hospitalini Muscat, vya kuzuia maambukizi, vya kufufua mgonjwa, vyote amevipanga ndani ya kopo la biskuti. Ilichukua miezi kadhaa na mdogo wake alikwenda dirishani mara nne. Barua ikatoka. Mwaka uliofuata akawa Leeds.

Juzi alinipigia kuniambia kuna nafasi Perth, mshahara mzuri na jua kama la kwao. Nikamuuliza kama alipoondoka Muscat aliacha leseni ya Oman katika hali gani, maana Australia wataiuliza. Upande wa pili ukawa kimya. Nikasikia kabati likifunguliwa.